Vikaratasi vya Chumba cha Blanka

Jumanne, 27 Septemba

Mwalimu Šárka amesema kila mtu awe na daftari na kila siku aandike kitu, hata mstari mmoja, ili mkono uzoee. Kwa Kiingereza, alisema. Mimi upande wa mbele nimeweka maneno yake, na upande wa nyuma naandika yangu kwa lugha yangu, kwa sababu mkono wangu haujui kuongopa katika lugha mbili kwa mpigo.

Mimi ni Otakar Vymazal, mwashi, miaka sabini na sita, meno kumi na tisa na yote ya kwangu. Shule niliiacha na miaka kumi na minne, na tangu hapo nimeandika juu ya mifuko ya saruji tu. Lakini katika kijiji hiki kuna nyumba thelathini na saba zilizosimama kwa mwiko wangu, na dohani zote za mtaa wa kanisani ni zangu. Hakuna hata moja iliyowahi kurudisha moshi ndani. Aandike hayo nani kama si mimi.

Sababu ya kozi ni Blanka, binti yangu wa pekee. Ameolewa huko Wales na Gareth, mpeleka barua. Siku ya harusi nilisimama kama mwiko uliosahauliwa ndani ya ndoo. Kila nililosema Blanka alilitafsiri, na najua alikuwa anapunguza. Krismasi hii wanakuja, na Blanka ni mjamzito. Jumapili alinipigia simu.

"Baba, tunafikiria kuhamia huko kabisa. Mtoto akulie huko. Chumba changu bado kizima?"

"Kizima? Hicho kitabaki kimesimama hata kanisa likishaanguka."

"Basi tutalala humo tukija, tukione."

Kwa hiyo nimeamua. Gareth akifika nitampitisha nyumba nzima mwenyewe, chumba hadi chumba, nikimtajia kila kitu kwa lugha yake. Ajue baba mkwe wake ni nani.

Jumanne, 4 Oktoba

Karatasi ya mwalimu ina maneno sitini ya mambo ya majengo. Kushoto Kiingereza, kulia chetu. Nimechemsha gundi ya unga, nikakata vikaratasi, nikabandika nyumba nzima: dari, ngazi, kizingiti, bawaba, mpaka jiko. Paka Mourek alikimbilia uani, alidhani naye atabandikwa.

Lakini watu hawa wananichanganya. Sisi tuna zeď, ukuta wa matofali unaobeba mzigo. Tuna příčka, kiambaza chembamba cha kugawa chumba. Tuna hradba, ukuta wa ngome. Wao vyote hivyo wanaviita vól. Nikamuuliza mwalimu, "Sasa fundi akiambiwa abomoe vól, atajuaje kama nyumba haitamwangukia?"

"Anatazama kwanza, Mzee Vymazal."

Darasa likacheka. Mimi sikuona la kuchekesha.

Kikaratasi cha vól nimekibandika chumbani kwa Blanka, kona ya kaskazini, juu ya ule mstari mwembamba kama unywele kwenye plasta. Kila nyumba ina mstari wa nywele. Afadhali ufunikwe na elimu.

Jumatano, 5 Oktoba

Mvua. Maneno saba.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mvua. Nimeokota kokwa za mjozi wangu wa uani kabla hazijaoza, nimezitandaza juu ya magazeti chumbani kwa Blanka zikauke. Ndoo tatu. Majirani mwaka huu hawakupata hata moja. Mjozi ni wa kumjua mwenyewe.

Jumanne, 11 Oktoba

Leo mwalimu ametugawa wawili wawili wa kuzungumza, na mimi kanipa Čeněk Pospíchal.

Ieleweke. Čeněk ni mwashi kama mimi, si hodari kama mimi. Tulijenga pamoja miaka ishirini. Mwaka 1978 tulikuwa tunajenga chumba hiki cha Blanka, nyongeza upande wa uani, na siku tatu kabla ya karamu ya paa, ile ya kupandisha kenchi, alitupa mwiko chini, akavuka barabara, akaingia kwake, na tangu hapo hatujazungumza. Ukigonga dirisha langu la jikoni anasikia kwake. Miaka thelathini na mitatu. Anajifunza Kiingereza kwa ajili ya nini, sijui. Hana mtu nje.

Nilimwambia mwalimu, "Huyu hapana." Akasema, "Mzee Vymazal, mko kumi na wawili, na wengine wote wana mwenzao." Akatupa karatasi ya maswali na majibu. Kwa hiyo maneno ya kwanza ya Čeněk kwangu tangu 1978 yalikuwa ya Kiingereza, akiyasoma na kidole juu ya karatasi.

"Nyumba yako ni ya zamani?"

"Ndiyo. Nyumba yangu ni ya zamani."

"Nyumba yako ina vyumba vingapi?"

"Nyumba yangu ina vyumba vitano."

"Ukuta wako ni mzuri?"

Hilo la mwisho halikuwamo kwenye karatasi. Nilitafuta mstari mzima sikuliona. Mwalimu alifurahi sana, akapiga makofi. "Mmeona? Bwana Pospíchal ametunga swali lake mwenyewe!"

Nikamjibu, "Ukuta wangu ni mzuri sana."

Akaandika jibu langu kwenye daftari lake. Kwa nini aliandike?

Jumatano, 12 Oktoba

Kikaratasi cha chumbani kwa Blanka kimechanika katikati, juu mpaka chini. Paka.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimebandika kingine.

Jumapili, 16 Oktoba

Blanka amepiga simu. Gareth ameanza kupaka rangi kitanda cha mtoto. Nikamwambia na mimi nina kazi ya kisomo, aone siku ya kufika. Akacheka, "Baba, hata barua za shule ulikuwa unasomewa na mama." Nilisomewa kwa sababu mikono yangu ilikuwa na chokaa. Drahuše, mke wangu, hakupenda barua zenye chokaa.

Jumanne, 18 Oktoba

Mambo ya ghorofa. Sisi chini ni chini, ukipanda ni ghorofa ya kwanza. Waingereza vilevile. Lakini Wamarekani, mwalimu anasema, wakiwa chini wanasema wako ya kwanza. Nimeuliza mara tatu. Mtu bado hajapanda hata ngazi moja, tayari anajisifu kuwa yuko ya kwanza! Čeněk akatikisa kichwa akinitazama, kama vile namjua Mmarekani huyo.

Alhamisi, 20 Oktoba

Kimechanika tena. Na Mourek nilimfungia nje tangu Jumatatu.

Gundi ya unga ikikauka huvuta karatasi. Ndiyo hivyo. Nimebandika cha tatu kwa gundi ya dukani.

Jumamosi, 22 Oktoba

Hapa mtu ananichezea. Kokwa zangu nilizitandaza sawasawa juu ya magazeti, ndoo tatu, chumba kizima. Leo nimezikuta zote zimejaa kona ya kaskazini, kama kondoo wakati wa radi. Magazeti yamebaki matupu. Nani anaingia kwangu kupanga kokwa? Ufunguo wa pili anao mke wa kinyozi anayeniletea maziwa. Nimemuuliza.

"Mzee Ota, mimi kokwa zako nizipange za nini? Za kwangu zenyewe sijazipanga."

Nimebadilisha kufuli.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mvua ya siku tatu. Mlango wa chumba cha Blanka unagoma kufunga. Mbao huvimba na unyevu. Nimeupiga randa.

Jumanne, 25 Oktoba

Čeněk: "Mlango wako ni mzuri?"

Mimi: "Mlango wangu ni mzuri."

Jirani ana masikio. Sauti ya randa aliisikia toka ng'ambo ya barabara.

Jumatano, 26 Oktoba

Mlango umegoma tena, safari hii juu upande wa kushoto. Mbao ya fremu ilitoka kwa seremala mlevi, yule yule aliyetengeneza kabati la Blanka. Mguu mmoja wa kabati ni mfupi, tangu zamani tumeuwekea kipande cha mbao.

Jumatano, 2 Novemba

Siku ya wafu. Nimekwenda makaburini na maua ya krisanthemu na mshumaa wa Drahuše wangu, mwaka wa tisa sasa. Nimekuta mshumaa mwingine unawaka tayari juu ya kaburi lake, wa nta ya nyuki, wa ghali. Na ninamwona nani anatoka lango la chini, anachechemea na ile nyonga yake mbovu? Čeněk.

Nikasimama pale na mshumaa wangu mkononi kama mpumbavu. Drahuše alimpa nini huyu mtu hata amwashie mshumaa? Nikamuuliza Drahuše. Huko nyuma alikuwa anajibu kabla sijamaliza kuuliza.

Jumanne, 8 Novemba

Nilitaka kumuuliza kuhusu mshumaa, lakini kwa lugha yetu siwezi kuanza mimi, aliyeondoka ni yeye. Nikatafuta kwenye karatasi. Maneno ya mishumaa hakuna, yote ni majengo. Mwisho nikamwomba mwalimu maneno mawili.

"Mshumaa, kwa nini?" nikamwambia Čeněk.

Akatafuta kwenye daftari lake. "Yeye mtu mzuri. Mimi jirani."

Mwalimu alisema tumeendelea sana.

Alhamisi, 10 Novemba

Cha tatu, cha gundi ya dukani, kimechanika. Tena si kwamba kimechanika tu. Kati ya nusu na nusu kuna nafasi ya kuingiza kisu.

Ijumaa, 11 Novemba

Watu wamekunywa divai mpya uwanjani. Sikwenda.

Nimechukua pima maji langu la kupimia usawa, la mbao ya mwaloni, la miaka arobaini, nikaliweka sakafuni chumbani kwa Blanka. Kiputo kimekimbilia ukingoni. Nikaligeuza. Kiputo kimekimbilia tena upande ule ule wa chumba. Pima maji limeharibika. Vyombo navyo huzeeka.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimepanda basi mpaka mjini kununua pima maji jipya, la alumini, koruna mia tatu na tisini. Kijana wa dukani ananiuliza, "Babu, unajua kulitumia?" Mimi! Nimelipeleka moja kwa moja chumbani.

Nalo limeharibika.

Jumanne, 15 Novemba

Leo mwalimu kaongeza maneno: fleti, mnara, karakana, kituo cha zimamoto. Najua sasa neno la kuba ya kanisa, na la daraja la kuinuliwa la ngome. Nikapitia kila mstari, wa juu mpaka wa chini. Neno la ufa halimo. Maneno sitini ya majengo, na aliyeyapanga hajawahi kuishi ndani ya nyumba?

Ningeweza kuuliza. Mwalimu yuko pale pale, mita mbili. Lakini Čeněk naye yuko pale pale.

Jumapili, 20 Novemba

Blanka: "Baba, mbona sauti yako iko mbali?"

"Simu hii."

"Chumba umekipasha moto? Tutakuja na godoro la mtoto kabisa, tuliache huko. Gareth ameshaomba uhamisho wa kazi. Akikubaliwa, tunakuja mwezi wa pili."

Nikasema kimepata moto. Ukweli, kimefungwa na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Jumanne, 22 Novemba

Sijaenda kozi. Nimesema nina mafua.

Niandike hapa jambo ambalo kila mwashi wa nchi hii analijua. Nyumba ikipasuka, mwenye nyumba akasema ni plasta tu, fundi habishani naye. Anakoroga jasi kidogo, anaipaka juu ya ufa kama kiraka, kipana kama kiganja, na juu yake anaandika tarehe kwa msumari. Kisha anaondoka. Jasi haijui kuvutika. Kiraka kikibaki kizima, nyumba imetulia. Kikipasuka, nyumba inatembea, na hakuna tena la kubishana. Nimepaka viraka hivyo katika nyumba za watu kwa miaka hamsini. Nimeona wanaume wazima wakikaa chini mbele ya kiraka kilichopasuka. Na nikawaambia, "Mlikuwa mnatazama nini muda wote huo?"

Mimi nimetumia miezi miwili kubandika karatasi juu ya ufa na kumlaumu paka.

Nimekoroga jasi saa nne asubuhi. Nimepaka viraka viwili, kimoja juu, kimoja chini karibu na sakafu. Nikachukua msumari nikaandika: 22. 11.

Jumatano, 23 Novemba

Vizima.

Alhamisi, 24 Novemba

Vizima. Nimepika supu ya viazi na uyoga, nikala sahani mbili. Kumbe nilikuwa najitisha bure. Fundi ni fundi.

Ijumaa, 25 Novemba

Mvua kubwa usiku kucha, na upepo.

Cha chini kimepasuka kati ya 22 na 11.

Jumamosi, 26 Novemba

Cha juu pia.

Nimekaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati la yule seremala. Hakuwa mlevi yule. Miguu yote minne ni sawa, nimeipima leo.

Basi niandike. Pale kona ya kaskazini palikuwa na shimo la chokaa la babu yangu, la kuloweka chokaa, mita mbili na nusu kwenda chini. Mwaka 1978, wakati wa kuchimba msingi wa kona hiyo ya mwisho, kuta nyingine zikiwa zimeshasimama, tulilikuta. Čeněk alisema tulichimbe lote, tushuke mpaka udongo mgumu, tujaze zege. Kazi ya wiki moja. Nikamwambia sina wiki. Kenchi zilikuwa zinakuja Jumamosi, na karamu ya paa nilikuwa nimeshawaalika watu arobaini, mwenyekiti wa ushirika mmoja wao, na nguruwe keshachinjwa. Nikamwambia nitalijaza kwa kifusi na kulishindilia mwenyewe. Jumatano jioni akaja, akatazama, akauliza, "Umelishindilia?" Nikasema, "Tabaka kwa tabaka." Akachukua fimbo ya chuma, akaichoma chini, ikazama mpaka mkononi. Akatupa mwiko, akaenda.

Kwa watu nilisema ameondoka kwa sababu ya wivu. Karamu ilifana. Mti mdogo wenye utepe, ule wa desturi paa likisimama, niliupigilia juu mwenyewe. Kila fundi hupigilia pamoja na mwenzake. Mimi nilipigilia peke yangu.

Jumapili, 27 Novemba

Simu imelia. Sikupokea.

Jumanne, 29 Novemba

Nimekwenda kozi. Mvua ya theluji, viatu tumeviacha mlangoni kama kawaida, wote tumekaa na ndara za jumba la utamaduni, mimi zimenipata za maua. Mwalimu akasema kila jozi irudie maswali ya mwanzo, kama mtihani.

Čeněk hakutazama karatasi. "Nyumba yako ni ya zamani?"

"Ndiyo. Nyumba yangu ni ya zamani."

"Nyumba yako ina vyumba vingapi?"

Nikatazama karatasi. Mwalimu akanisaidia kwa midomo, tano, tano. Nikasema, "Nyumba yangu ina vyumba vinne."

Čeněk akaweka kidole mezani. "Ukuta wako ni mzuri?"

Ningesema nini? Kwa lugha yetu nisingeweza, nasema kweli. Kwa lugha yetu kuna miaka thelathini na mitatu ya uzio kati yetu. Lakini kile Kiingereza hakinijui. Hakijui mimi ni Vymazal, hakijui dohani zangu. Nikasema, polepole, kila neno mahali pake:

"Hapana. Ukuta wangu si mzuri. Ukuta wangu ni mbaya sana."

Mwalimu akasema vizuri sana, matamshi safi.

Čeněk akafunga daftari lake. Akaniambia kwa lugha yetu, "Kesho saa mbili. Beleshi ninalo. Wewe tafuta mirunda ya kuegemeza dari, na usiguse kitu kabla sijafika, Ota. Kitu chochote. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Miaka yote hiyo ndiyo kwanza unanisikia."

Jumatano, 30 Novemba

Amekuja saa mbili kasoro dakika kumi. Hakuvua kofia. Alizunguka kona kwa nje, akatazama juu, akatazama chini, akapiga teke bomba la gata pale linapoingia ardhini. Likaanguka.

"Limeoza. Maji yote ya paa yanaingia kwenye shimo lako. Tangu lini hulitazami?"

"Nilikuwa najifunza maneno."

"Na bomba unaliitaje?"

Nikamtajia. Akasema hata hivyo limeoza.

Kwanza tulisimamisha mirunda sita chumbani, kuegemeza dari. Kisha tukachimba nje, kipande kifupi tu kando ya kona, kwa sababu ukichimba kote nyumba inakuja. Yeye ana nyonga, mimi nina mgongo, kwa hiyo mmoja alichimba na mwingine akatukana, kwa zamu. Kwenye mita moja beleshi likaingia kwenye uwazi. Uvundo. Vikaanza kutoka: visiki vya mti wa tufaha, vimeoza kama keki. Springi za godoro. Ngoma ya mashine ya kufulia.

"Tabaka kwa tabaka," akasema Čeněk.

Nikaendelea kuchimba.

Halafu akavuta kitu, akakifuta kwa kiganja cha glavu. Sufuria la enameli, la bluu, kubwa, lile la kupikia jemu ya plamu. Mshiko mmoja haupo. Nilitaka ardhi inimeze, na shimo lilikuwepo tayari.

Sufuria lile lilikuwa la mama yake Drahuše. Jumatano ile ya 1978 nilichukua kila kilichokuwa uani, sikutazama. Vuli Drahuše alilitafuta nyumba nzima. Nami nikamwambia, na neno hili sijawahi kuliandika popote: "Čeněk atakuwa amelichukua alipoondoka na hasira zake." Tangu hapo alipika jemu kwa sufuria dogo, mara mbili mbili, miaka ishirini na minne.

Nikamwambia Čeněk. Kwa lugha yetu. Nilimwambia nikiwa ndani ya shimo, yeye juu, kwa hiyo sikumwona uso.

Nilimsikia akikwangua udongo kwenye sufuria. Kisha akasema, "Mara moja, mbele ya duka la mikate, aliniambia, 'Čeněk, ukimaliza kulitumia utalirudisha tu, mimi sina kinyongo.' Nikamwambia sawa. Sikujua anasema kitu gani. Nikaona aibu kuuliza. Na kila vuli aliniletea chupa ya jemu."

"Alidhani wewe ni mwizi na bado akakuletea jemu?"

"Ndiyo nauliza mimi sasa! Miaka yote nilidhani ananipenda kidogo."

Akaanza kucheka, akashika nyonga, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Mimi sikujua kama nicheke. Nikacheka baadaye, alipokwisha kwenda kula.

Alhamisi, 1 Desemba

Tumeziba bomba. Tumemwaga zege kipande cha kwanza. Vilivyobaki ni masika, barafu ikiisha. Amesema mwaka huu hakuna kulala mtu chumba kile, hata paka.

Jumamosi, 10 Desemba

Barafu. Kiraka kipya, tarehe ameandika yeye. Kizima.

Alhamisi, 22 Desemba

Wamefika saa tisa. Blanka ana tumbo kama kengele ya kanisa. Gareth mrefu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akavaa ndara nilizomwekea, na kabla sijafungua mdomo akatoa karatasi mfukoni. Maneno sitini. Kushoto chetu, kulia chao. Naye amejifunza!

Basi ikawa vurugu. Mimi naonyesha dari nasema kwa lugha yake, yeye anaonyesha dari anasema kwa lugha yangu. Kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Ngazi. Kizingiti. Zeď alishindwa kabisa, alitoa sauti kama mtu aliyeumwa na nyuki. Blanka alikaa kwenye ngazi, akacheka, hakutafsiri hata neno moja.

Tukafika mlango wa chumba chake. Nikatoa ufunguo. Mirunda sita katikati, kiraka ukutani, nusu za vikaratasi vyangu bado zimening'inia. Nikasimama wima, nikasema niliyoyapanga wiki tatu: "Huu ni ukuta mbaya. Mimi nilijenga. Kosa ni langu."

Gareth akatazama mirunda kwa heshima. Akatafuta kwenye karatasi yake. "Nzuri," akasema kwa lugha yetu.

"Si nzuri."

"Nzuri sana."

Nimetubu mara moja tu maishani, na mtu ananisifu! Nikamgeukia Blanka. Alikuwa hacheki tena. Ikabidi nimwambie yeye, kwa maneno yetu, yote. Shimo, karamu, Čeněk, sufuria, na kwamba simuni nilimdanganya. Kwamba mwezi wa pili hawawezi kuja, labda Juni, kama bado wanataka kulala juu ya kazi ya mtu kama mimi.

Aliingia ndani polepole. Nikamwambia asiingie, hakusikia, amenirithi. Akachukua kokwa moja iliyosahaulika chini ya kabati, akaiweka sakafuni karibu na mlango, akaiachia. Ikaondoka yenyewe, ikapita kati ya mirunda, ikaenda mpaka kona ya kaskazini, ikagonga ukuta.

"Ilikuwa hivi tangu utoto wangu, Baba," akasema. "Kila nilichoangusha nilijua kitakuwa wapi. Nilidhani vyumba vyote viko hivi. Kule kwetu Wales, siku ya kwanza niliangusha ushanga, nikaenda kuutafuta konani. Haukuwepo. Ulikuwa pale pale nilipouangusha. Nikakaa chini nikalia, nikadhani nyumba ile ina kasoro."

Gareth hakuelewa neno, akamshika bega.

Jumamosi, 24 Desemba

Samaki wa Krismasi tumekula, na saladi ya viazi. Čeněk alikuja na nyonga yake na chupa ya slivovice, pombe kali ya plamu, na kilele cha mti wake wa Krismasi amekikata na kukifunga utepe mwekundu, amekining'iniza ukumbini. Cha kupigilia juu ya paa Juni, anasema, na safari hii nyundo mbili.

Wao wamelala kitandani kwangu. Mimi jikoni, na Mourek.

Kabla ya kulala Blanka alikuja kunitakia usiku mwema, akaniuliza jambo, na tangu hapo ninalizungusha kichwani. Anataka tukishamaliza msingi na ukuta umetulia, sakafu ya chumba kile tuiache na mteremko kidogo. Kidogo tu, kuelekea kona. Kwa ajili ya mtoto.

Nimejenga nyumba thelathini na saba. Dohani zangu hazirudishi moshi. Lakini kitu kilichopinda kwa makusudi sijawahi kukijenga, na sijui kiputo cha pima maji kinatakiwa kisimame wapi.

Kesho nitamuuliza Čeněk.